Tiba Inayoweza Kuua

Mgonjwa anayeambiwa na daktari, "Tiba hii inaweza kukuongezea miaka, tena inaweza kukuua," huja kwa mchungaji na swali ambalo hospitali haimjibu: nikikubali, nitakuwa namjaribu Mungu?

Tunafikiria hasa skleroderma, ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, huugeukia mwili wenyewe. Ngozi hukakamaa, vidole hujikunja, na kwa waliozidiwa hata mapafu na moyo huguswa. Tiba mojawapo ni upandikizaji wa seli shina. Seli hizo hutolewa katika damu ya mgonjwa mwenyewe (si za mimba, kama baadhi yetu tunavyohofu) na kuhifadhiwa. Kisha hupewa dawa kali za kuiangamiza kinga ile iliyoasi, ndipo arudishiwe seli zake ili kinga ianze upya. Hapo katikati kuna siku ambazo mwili wake hauna ulinzi.

Utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 156. Kati ya 79 waliopangiwa upandikizaji, 8 walikufa kwa sababu ya tiba yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Kati ya 77 waliopangiwa dawa pekee, tiba haikumuua yeyote. Lakini miaka ilivyosonga hesabu iligeuka: hadi mwisho wa ufuatiliaji walikuwa wamekufa 19 upande wa upandikizaji, na 23 upande wa dawa.

Tubaki kidogo na wale 8. Yuko ndugu atakayesema walikosa subira, kwamba wangengoja maombi. Hatukubaliani naye. Luther, katika barua yake ya mwaka 1527 kuhusu tauni, alifundisha kwamba anayedharau dawa ndiye anayemjaribu Mungu. Ila barua hiyohiyo inatubana na sisi tunaopenda hospitali, maana haikumruhusu mwenye imani ya kubaki mjini amhukumu aliyekimbia. Basi mama anayeikataa tiba hii, kwa kuwa anataka mwaka mmoja wa hakika na wanawe, naye asihesabiwe kuwa mwoga.

Tukiri jambo moja. Ushuhuda tunaoupigia makofi ibadani ni wa aliyepona. Mjane wa mmoja wa wale 8 angeketi nasi Jumapili, angesimama saa ngapi kusimulia jinsi mumewe alivyoomba, akachagua, akafa?