Ukuta Unauliza Nini?

Kwenye utumbo mwembamba kuna vivimbe vidogo vya tishu ya kinga, vinaitwa mabaka ya Peyer. Humo mna mishipa ya damu ya ajabu kidogo. Mishipa mingi imetandikwa ndani chembe bapa kama vigae. Hii imejengwa kwa chembe nene, zilizosimama. Hapo ndipo limfosaiti, askari wa kinga, hutoka kwenye damu kwenda kukagua kilichokuja na chakula. Haivunji ukuta. Inabingirika juu yake, inapunguza mwendo, inanata, kisha inajipenyeza. Kinachoipitisha ni alama ya nje, inayoshikana na alama ya ukutani. Moyoni hakuna anayechungulia.

Nilikuwa na mawazo hayo kwenye basi kutoka Biharamulo kwenda Ngara, njia ya Lusahunga. Mbele ya safari hiyo kuna Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Mto Kagera pale. Silaha ziliachwa mpakani, mapanga yakarundikana. Kambini Benaco, aliyekimbia kuuawa na aliyetoka kuua wakapanga foleni moja ya maji.

Mzee mmoja wa Ngara aliniambia: “Mwanangu, panga lilibaki darajani. Mkono ulipita.”

Sasa lango lina haki ya kuuliza nini? Zamani ningejibu: liulize zaidi. Lakini hebu wahoji watu robo milioni kwa siku, watoto mgongoni!

Kufunga nako kuna mantiki yake. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka na Burundi. Hata madaktari hufunga: dawa ya vedolizumab huziba kile limfosaiti inachoshikia ukuta wa utumbo, na uvimbe sugu unaweza kupoa. Ila haichagui yenye fujo na yenye kazi. Zote zinazotumia kishikio hicho huzuiliwa. Kusema kweli, hapo ndipo mfano wangu unapokatika: limfosaiti iliyokataliwa inaendelea kuzunguka na damu. Mama aliyekataliwa mpakani azunguke wapi?

Nilimwambia mzee kwamba mimi ningefungua.

“Na ule mkono?”

Nikaanza kusema kitu kuhusu mahakama. Akanisikiliza kwa adabu, huku anaangalia barabarani. Gari la Kabanga likapiga honi, akachukua kikapu chake.

“Ungefungua,” akasema. “Sisi tulifungua.”