Pilipili Asiyoila Mwalimu

Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Maana yake ni kuwa jambo lisilo lako lisikuumize. Ni neno la busara. Lakini iko kazi ambayo mtu haiwezi mpaka akubali kuwashwa na pilipili asiyoila. Ni kazi ya mchezaji aliyeacha kucheza akawa mwalimu wa wachezaji, yaani kocha.

Ewe msomaji wa Kabras, nchi ya miwa, jina la kwenu hutajwa zaidi kwa raga. Lakini yamkini umepata kucheza mpira wa mikono katika uwanja wa shule. Kila upande huwa na watu 7 uwanjani. Mwenye mpira hana ruhusa ya kuushika zaidi ya sekunde 3, wala kwenda nao zaidi ya hatua 3 pasipo kuudundisha. Mkono hutenda upesi, na sifa au lawama humwendea mwenye mkono. Kocha hana mkono. Hukaa ukingoni, na akitaka kusema na watu wake hupewa dakika 1, tena si zaidi ya mara 3 katika muda wa kawaida. Kisha hurudi kutazama.

Wengi wamepita njia hiyo. Magharibi ya Kenya, Joe Kadenge, aliyevuma katika kandanda, alikuwa kocha wa timu ya taifa mwaka 2002. Katika mpira wa mikono, mtazame Guillaume Gille wa Ufaransa. Alipokuwa mchezaji alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na 2012. Alipokuwa kocha, timu yake ikaipata tena Tokyo mwaka 2021. Mwaka 2024 Ufaransa ilikuwa mwenyeji. Katika robo fainali iliitangulia Ujerumani kwa bao 1, na sekunde chache zilibaki. Mchezo ulisimamishwa, Gille akatoa maagizo. Ulipoanza tena, mchezaji wake mmoja alitupa mpira, Mjerumani akaudaka, na bao la kusawazisha likaingia. Katika muda wa nyongeza Ufaransa ilishindwa, 34 kwa 35.

Je, kosa lile lilikuwa la nani? Mimi naona kosa ni la mkono uliotupa, lakini dhima ni ya wote wawili. Kocha asemaye, "Mimi nilikuwa ukingoni," hajawa mwalimu bado. Naye hana haki ya kuonja asali siku ya ushindi, maana siku hiyo pia mikono haikuwa yake. Lakini yule ajitwikaye kosa zima hudhulumu vile vile, kwa kuwa humnyima mwanafunzi nafasi ya kujifunza kutokana na tendo lake.

Huenda wewe usiwe kocha kamwe. Lakini utakuwa kiranja, mzazi au mwalimu, na mkono wa mtu mwingine utakosea mbele ya macho yako. Siku hiyo usiseme kuwa pilipili si yako; wala usimpokonye mpira ili uonyeshe kwamba wewe ungaliweza. Muulize aliona nini kabla ya kutupa. Msikilize mpaka mwisho, kisha mrudishie mpira.