Ushahidi wa Sikio

Yako maswali makubwa ambayo hutujia yamevaa nguo ndogo. Mtu huulizwa habari ya kitu cha dukani, naye hudhani ameulizwa habari ya kitu cha dukani tu. Kumbe ameulizwa kama yeye ni mkweli. Mimi niliulizwa swali la namna hiyo habari ya nyuzi nne za fidla, nikalijibu upesi. Insha hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Fidla si mgeni kwetu Unguja. Katika vikundi vya taarabu ya asili, kama Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, fidla huketi pamoja na kanuni, udi na akodiani, na msikilizaji asiyejua hata jina lake huijua sauti yake. Mimi ni mpigaji wa kadiri na mwalimu wa vijana wachache. Rafiki yangu mmoja, aliporejea kutoka Ulaya, aliniletea zawadi ya nyuzi za fahari, ambazo bei yake yapita mara sita bei ya zile tuzitumiazo siku zote. Usiku uleule nilizifungua nyuzi zangu za zamani, zilizokaa juu ya fidla karibu mwaka mzima, nikazifunga mpya. Nilipovuta upinde nilisikia kama dirisha lililofunguliwa katika chumba cha giza. Nikawasimulia wenzangu, na kila niliposimulia, dirisha lilizidi kuwa pana.

Siku chache baadaye alinijia mwanafunzi wangu mmoja.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Maalim, nataka kuuliza. Nyuzi kama zile zako, zina haki ya bei yake?"

"Zinayo," nikamjibu. "Aliyezisikia hawezi kurudi nyuma."

Kijana alishukuru akaenda zake. Baada ya miezi miwili alikuja na nyuzi kama zangu. Sikumwuliza alikopata fedha. Nilikuja kujua wakati wa masika, nilipokwenda kwao kumpa pole mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mama yule ni mpishi wa maandazi. Jikoni mwake nilikuta beseni katikati ya sakafu, na maji ya mvua yakidondoka ndani yake kutoka tundu la paa. Akaniambia, bila ya lawama yo yote, kwamba fedha ya mabati ilikuwapo, ila ilitangulia kwenye nyuzi za mtoto, kwa kuwa Maalim alisema zina haki yake. Sikuwa na neno. Nilikaa nikisikiliza tone baada ya tone likiingia katika beseni, na sauti ile sikuwa na shaka nayo hata kidogo.

Tangu siku ile najiuliza: nilipomjibu kijana, nilikuwa shahidi wa nini?

Tuanze na uzi wenyewe, maana haifai kumhukumu mtu kabla ya kukijua kitu. Kwa karne nyingi nyuzi za fidla zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, uliosafishwa, ukasokotwa na kukaushwa. Na uzi mnene wa chini ulizungushiwa waya wa madini ili upate uzito bila ya kuwa mnene kupita kiasi. Utumbo una sauti laini, lakini hulegea kwa unyevu na hukatika upesi. Ndiyo maana uzi wa chuma cha pua ulienea mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pa uzi mwembamba wa juu. Mwaka 1970 kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ilitoa nyuzi za Dominant, zenye moyo wa nailoni badala ya utumbo. Zikaukaribia ulaini wa utumbo, na unyevu haukuzisumbua sana. Nyuzi nyingi za ghali za leo ni matawi ya mti ule: moyo wa nyuzinyuzi nyembamba zilizotengenezwa kiwandani, na juu yake utepe wa alumini au fedha.

Uzi hufanya kazi ya ajabu. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alionyesha katika karne ya 19 kwamba upinde huushika uzi na kuuvuta, kisha uzi huponyoka na kurudi, kisha hushikwa tena. Na uzi wa pili kutoka juu, ukisawazishwa kwa kipimo cha kawaida cha leo, hushikwa na kuponyoka mara 440 kwa sekunde moja. Unene wa uzi, uzito wake, mkazo wake na namna unavyokunjika vyote huingia katika mshiko ule. Kwa hiyo nyuzi mbili zisizofanana kwa maumbile haziwezi kufanana kabisa kwa sauti, wala watengenezaji hawasemi uongo wasemapo kwamba zinatofautiana. Shaka yangu haipo hapo. Shaka yangu ni juu yangu mimi: kama tofauti niliyoisikia ndiyo ile niliyoitangaza.

Nilipoipima habari yangu kwa utulivu, niliona kosa la kwanza. Sikulinganisha nyuzi za ghali na nyuzi za rahisi. Nililinganisha nyuzi mpya na nyuzi zilizokufa. Jasho la vidole, unga wa utomvu uanguka kutoka kwenye upinde na hewa ya bahari huuchosha uzi kidogo kidogo. Zile sauti ndogondogo za juu, zipandazo juu ya sauti kuu na kuipa nuru, hufifia. Na kwa kuwa hufifia polepole, mpigaji hana habari. Uzi wo wote mpya, hata wa bei ya chini, ungalinifungulia dirisha usiku ule. Nami niliipa bei sifa iliyokuwa haki ya upya.

Kosa la pili lilikuwa ndani zaidi. Wazee wetu walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nyuzi zile sikuzinunua, lakini zilinilipa kitu: zilinifanya mtu aliyekumbukwa Ulaya, na mwenye sikio la kutambua vitu vya Ulaya. Kukiri kwamba sikusikia tofauti kubwa kungekuwa kukiri kwamba sikio langu si la daraja ile. Basi sikio liliketi barazani likasubiri bei iseme, kisha likaitikia. Akipenda, chongo huita kengeza. Na anayetamani kuonekana mjuzi huita chongo macho mawili.

Msomaji asidhani kwamba udhaifu huu ni wa wapigaji wadogo wa visiwani peke yao. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji hodari 21 fidla sita wazipige wakiwa wamevaa miwani ya giza. Tatu zilikuwa mpya. Tatu zilikuwa za kale, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri, zenye thamani ya mamilioni ya dola. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: fidla iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari, tena wapigaji wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale na ipi ni mpya. Watu wale hawakuwa waongo wala viziwi. Walivuliwa kitu kimoja tu, nacho ni jina la kile kilichokuwa mikononi mwao.

Hapo huinuka mtu akasema: basi ladha na sikio ni upuzi, na kila asemaye kitu hiki ni bora kuliko kile hujidanganya. Hapana, huko ni kukimbia kosa moja na kuangukia jingine. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alikumbusha kisa cha watu wawili walioonjeshwa mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alisema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi. Wa pili alisema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake palikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa ukanda wa ngozi. Hisia nyembamba, basi, ziko duniani, na wenye nazo huweza kusema kweli wakati umati unacheka. Lakini tuangalie kilichowatetea: haikuwa sifa zao wala bei ya mvinyo, bali ilikuwa sakafu ya pipa. Mjuzi wa kweli ni yule asiyeogopa pipa limwagwe.

Nami niliazimia kumwaga pipa langu. Nilipata fidla mbili za kiwanda kimoja. Moja niliifunga nyuzi mpya za fahari, na ya pili nyuzi mpya za kawaida, nikaziacha wiki moja zitulie. Kisha mwenzetu mmoja alikaa nyuma ya pazia, akawa anarusha sarafu ili imchagulie fidla ya kupiga, nasi wanne tukawa tunaandika kila mmoja kwenye karatasi yake. Jioni ya kwanza wengi wetu tuliielekea fidla moja, tukasema hii ndiyo yenye nyuzi za ghali. Na kweli ndiyo ilikuwa. Tulipongezana. Wiki ya pili tulizibadili nyuzi, za huku zikaenda kule, tukasikiliza tena bila ya kuambiwa lililofanyika. Wengi wetu tuliielekea fidla ileile, ambayo sasa ilikuwa imevaa nyuzi za kawaida. Tulikuwa tukisikia mbao, tukizihesabia nyuzi.

Haki yanitaka niseme na upande wa pili. Nilipofungwa kitambaa machoni nikapiga mwenyewe, vidole vyangu vilitambua jambo ambalo masikio ya wasikilizaji hayakulitambua: uzi mnene wa chini, katika zile za fahari, uliitika upesi zaidi upinde ulipogusa taratibu. Faida hiyo ni kweli, na kwa mpigaji anayepanda jukwaani kila wiki yaweza kuwa na haki ya bei yake. Lakini ni faida ya mkono, na ni ndogo. Mimi nilimwambia kijana kwamba ni faida ya sauti, na kubwa.

Labda nitaulizwa: kuna dhambi gani? Ikiwa mtu amesikia uzuri kwa sababu ya bei, si amesikia uzuri? Kwa nini tumnyang'anye? Nami najibu kwamba furaha yake sina haja ya kuigusa. Mtu akiketi peke yake na fidla yake, akafurahi kwa nyuzi, au kwa zawadi, au kwa jina lililoandikwa juu ya bahasha, furaha hiyo ni mali yake, naye hadaiwi hesabu. Lakini akiulizwa na mwenzake, hali hubadilika. Furaha ni mali. Ushahidi ni amana. Katika furaha hutumia fedha yake, na katika ushahidi hutumia fedha ya mwingine, ambaye hana sikio la kulinganisha wala safari ya Ulaya, bali ana imani tu. Sheria zote zenye busara humtilia shaka shahidi mwenye faida katika kesi. Nami nilikuwa na faida, nikaketi kama asiye nayo.

Kwa hiyo naona kwamba kusema kweli kwa nia njema hakutoshi. Siku ile sikukusudia kumdanganya kijana. Niliamini kila neno nililolitamka. Ila sikuwa nimefanya kazi ambayo ingenipa haki ya kuliamini. Anayeulizwa thamani ya kitu ana deni la maneno matatu: nimesikia nini, nimekilinganisha na nini, na nina faida gani nikisema hivyo. Ningaliyatoa matatu hayo, kijana angaliamua mwenyewe, na hata kama angaliamua vibaya, kosa lingalikuwa lake.

Nilikwenda kwake nikamweleza yote, na jaribio la pazia pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Maalim, mimi tangu siku ya tatu sikusikia tofauti. Nilidhani sikio langu ndilo bovu. Nikawa nafanya mazoezi kila usiku, ili niwe na haki ya kuzisikia."

Na kwa hakika upigaji wake ulikuwa umeendelea mno mwaka ule. Wenzangu huniambia nijifariji kwa neno hilo: kwamba nyuzi zimelipa bei yake kwa njia nyingine. Mimi sijalikubali. Bidii ile ilikuwa ya kijana wala haikutoka dukani. Na mtoto aliyefundishwa kulitilia shaka sikio lake mwenyewe, kwa sababu mwalimu wake hakulitilia shaka lake, amedhulumiwa hata kama amefanikiwa. Mabati tuliyanunua pamoja, mimi na yeye, tukayapigilia kabla ya vuli. Na sasa mwanafunzi akiniuliza habari ya nyuzi, simjibu siku ileile. Humwambia aje na mwenzake na pazia, azisikie mwenyewe, kisha aniambie yeye.