Pesa za Pari na Shamba la Mfinyanzi

Kijana wa Bukama, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayeweka franka 500 kwenye pari foot, yaani kamari ya mpira, hajioni mlipa kodi, anatafuta bahati. Hata hivyo, sehemu ya hasara yake huishia serikalini, na ndipo linapozuka swali ambalo wengine wamekwisha kulijibu: pesa ya kamari ikigawanywa, atangulie nani, askari mstaafu au mtoto wa miaka minne? Jimbo la Georgia, Marekani, liliwachagua watoto: bahati nasibu yake, iliyoanza 1993, hulipia madarasa ya awali. Texas nayo imekuwa ikiuza tiketi za kukwangua kwa ajili ya askari wake wa zamani tangu 2009. Majibu yote mawili yana huruma, lakini yote yanaruka swali la kwanza, yaani ni mzigo gani pesa ya namna hii inaweza kuubeba bila kumharibu anayeipokea.

Mkoa wa Haut-Lomami, iliko Bukama, wenye kambi kubwa ya jeshi pale Kamina tangu enzi ya Wabelgiji, unajua kwamba askari haombi sadaka. Anadai haki yake. Mtoto wa maternelle, yaani shule ya awali, hana dai lililoandikwa waziwazi hivyo: kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinaahidi shule ya msingi bila malipo, ahadi iliyoanza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019, na yeye, kwa umri wake, bado yuko nje ya mlango. Kwa hiyo wapo watakaosema mstaafu alipwe kutoka bajeti, mtoto apewe pesa ya pari. Ni hoja nzuri, ila inamsahau mwalimu. Mshahara hudaiwa kila mwezi, na mfuko wa kamari hujaa kadiri watu wanavyopoteza. Shule inayoishi kwa mfuko huo itakuwa na sababu ya kuomba kaka za wanafunzi wake waendelee kushindwa. Tena mfuko wenyewe hautabiriki. Kenya ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilisitisha ufadhili wake wa michezo ya nchini Januari 2018, na vilabu vilivyoizoea vikabaki vikihangaika. Baadaye mwaka huohuo kodi ikashushwa hadi asilimia 15. Aliyekuwa akitoza akawa anabembeleza.

Nitajibiwa kwamba pesa haina harufu, kwamba vijana watacheza tu, na kwamba nchi yenye shida haichagui. Kwamba watacheza, nakubali, na ndiyo maana sisemi pesa hiyo itupwe. Makuhani wa Injili ya Mathayo, ambao Injili hiyo haiwasifu hata kidogo, walipata jambo moja sawasawa: vile vipande 30 vya fedha alivyorudisha Yuda msaliti hawakuvitia katika hazina ya hekalu, wala hawakuvitupa. Walinunua shamba la mfinyanzi la kuzikia wageni. Kitu kilinunuliwa mara moja, kikabaki, na hekalu halikuhitaji msaliti mwingine mwaka uliofuata.

Kwa kipimo hicho mgawo wenyewe unabadilika. Pesa ya pari inunue paa, vyoo na madawati ya maternelle, au mguu wa bandia wa askari aliyelemaa. Pensheni na mshahara vitoke kwenye mapato mengine ya taifa. Haiwezekani? Sheria ya Desemba 2022 ilitenga asilimia 11 ya mrabaha wa madini kwa ajili ya fidia ya wahanga wa vita na ukatili wa kingono, kwa hiyo Kinshasa inajua kufunga mapato kwenye wajibu. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: darasa lenye paa jipya bila mwalimu ni ghala. Ni kweli, na ndiyo sababu ningeweka sharti kwamba franka ya kamari isijenge darasa lolote la maternelle kabla jina la mwalimu wake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali.