Usimtume Mtoto Gundi

Hapa kwetu Muhoroni, mtoto anayetumika ni fahari ya mama yake. Hata jirani ana haki ya kumwita, "Wewe, hebu kimbia dukani uniletee kiberiti," na akirudi na chenji kamili, sifa zake husikika mpaka nyumba ya tatu. Ni malezi mema na sitaki yapotee. Ila kuna kitu kimoja ambacho nawaomba wazazi wenzangu tuache kabisa kumtuma mtoto: ile gundi ya kichupa kidogo, supa-gluu.

Itazame pale inapouzwa. Vichupa vimebandikwa kwenye kadi, na kadi imetundikwa kando ya peremende na chingamu, mahali ambapo macho ya mtoto wa miaka sita hufika kabla ya yetu. Bei yake haifiki nusu kilo ya sukari. Mwenye duka hupokea sarafu kupitia nondo, akabandua kichupa kimoja, akamkabidhi aliyesimama mbele yake, awe nyanya ya mtu au mtoto mwenye ndara zisizolingana. Maonyo yapo, lakini ni ya herufi ndogo mno, na mara nyingi hayako katika lugha ambayo mama aliyetuma anaisoma.

Mama mwenyewe hana kosa. Soli ya kiatu cha shule imeachia na muhula haujaisha. Zamani beseni likipasuka, kisu kilitiwa kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, ndipo plastiki ikayeyushwa penye ufa. Kila mtoto alifukuzwa kutoka jikoni, kwa sababu moto ulionekana na kisu kilionekana. Gundi hii imeingia nyumbani bila heshima hiyo. Ni matone machache ya maji maji, hayana rangi, hayana ukali wa kutisha. Katika mji huu ulioishi na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1960, yeyote aliyefanya kazi karibu na boila atakwambia kwamba mvuke wa kuogopwa zaidi ni ule usioonekana. Gundi hii ni ya ukoo huo.

Kemikali iliyomo inaitwa sianoakrileti. Mwanakemia Mmarekani, Harry Coover, aliikuta mwaka 1942 alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha vitani. Ilimsumbua kwa kuganda kwenye kila kitu, akaiacha, na ilifika madukani mwaka 1958. Haikauki kama gundi ya fundi wa viatu, ambayo lazima ipigwe na hewa kwanza. Hii hugandishwa na unyevu, hata ule mdogo ulio kwenye ngozi ya kidole. Na ikikutana na pamba, mambo hubadilika. Nyuzi za pamba huinyonya na kuifanya igande kwa ghafla mno, na ugandaji huo hutoa joto kali, wakati mwingine pamoja na moshi unaowasha macho. Joto hilo linaweza kuunguza ngozi iliyo chini ya nguo. Kwa hiyo tone ambalo lingeganda tu kwenye kiganja kikavu, likimwagikia fulana, soksi au kaptula ya pamba, linaweza kuacha jeraha la moto mahali ambapo hapakuwa na moto.

Sasa mfikirie mtoto njiani. Kichupa amekitia mfukoni, naye anakimbia, kwa sababu amefundishwa kwamba anayetumwa hakawii. Anaanguka, au anakalia ukuta kumsubiri mwenzake. Mwingine anataka kujua kilichomo, na kifuniko ni kigumu, basi anakifungua kwa meno.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Mtoto huyo anaweza kunyamaza. Anajua kilichomwagika ni pesa ya mama, na anaogopa fimbo kuliko anavyoogopa maumivu. Anaivuta fulana chini, anajikaza, na ile nguo iliyomganda pajani inazidi kumla. Nawaambia wazazi wenzangu, kwa moyo wote: kama mtoto wako atakukimbilia wewe kwanza anapoumia, umemlea vizuri kuliko yule anayerudisha chenji kamili. Hilo hulijengi siku ya ajali. Hujengwa na jinsi ulivyopokea habari ya kikombe kilichovunjika mwezi uliopita.

Akija, usimpanguse kwa leso wala kwa pamba. Mkono wa mama hukimbilia hapo wenyewe, na ndipo joto linapoongezeka. Penye kuungua, mmwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, kama tunavyolijua, chota kwa kikombe kutoka mtungini. Nguo ikiwa imeganda, usiivute, maana itaondoka na ngozi; mpeleke hospitali nayo hivyo hivyo. Dawa ya meno, mayai, unga, mafuta ya kupikia: yote hayo yaache jikoni. Vidole vikigandana bila kuungua, viloweshe katika maji vuguvugu yenye sabuni, uvitenganishe polepole kwa kuviviringisha. Jicho likifunga, usilifumbue kwa nguvu. Nenda kwa daktari. Na kwa kuwa vichupa hivi vinafanana sana na vya dawa ya macho, visilale kwenye rafu moja.

Wenye maduka nao wana sehemu yao. Kuihamisha kadi ile kutoka kwenye peremende hadi rafu ya juu, karibu na betri na wembe, hakugharimu kitu, na kumwambia mtoto "mwite mama" hakumpotezei mtu mteja. Kwa waagizaji na serikali nina neno zito zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sioni ni kwa nini maneno "huunguza ikigusa pamba" yasichapwe kwenye kadi hiyo kwa lugha ambayo mama na mwenye duka wote wanaielewa.

Tangu Septemba 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wanaopita nyumba hadi nyumba. Wanauliza kuhusu chanjo, choo na maji ya kunywa. Naomba waulize pia gundi inawekwa wapi, pamoja na mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda, na waulize mtoto akiwepo, ili naye asikie.