Je, ni Upungufu wa Imani Mgonjwa Kutafuta Wagonjwa Wenzake?



Kuna neno linalosemwa chini chini kati yetu, na inafaa tulijibu. Mama mwenye mtoto wa SS, ule ugonjwa wa damu ambao waganga wanauita drepanositozi, anashika simu usiku na kuzungumza na akina mama wa Bukavu, wa Butembo, hata wa Kampala, ambao hajaonana nao hata siku moja. Anawaita ndugu. Wengine wanauliza: kanisa halimtoshi?

Tufungue Luka sura ya 17. Wale wakoma kumi walisimama mbali, lakini walisimama pamoja. Mmoja wao alikuwa Msamaria, na tunajua Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Ugonjwa ulifanya jamaa pale ambapo kabila lilikataa. (Sisi watu wa Goma tulisome hilo polepole.) Bwana hakuwakemea kwa kukusanyika kwao.

Na karibu nasi, Uganda, mwaka wa 1987, Mama Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume wake kwa ukimwi mwaka huo huo, alikutana na wenzake wachache ambao ugonjwa huo ulikuwa umewagusa. Dawa hawakuwa nayo. Walikuwa na kusikilizana tu. Hapo ndipo ilipozaliwa TASO, shirika ambalo limehudumia wagonjwa wengi sana tangu wakati ule.

Mgonjwa wa wiki moja tunamletea uji. Wa miaka kumi tunamwuliza mbona haponi. Maumivu ya SS yanakuja bila kubisha hodi, kwa baridi, kwa kiu, kwa homa, halafu yanaondoka. Kesho mtoto anakimbia, na jirani anasema alijifanya. Mama wa Butembo haitaji kuelezwa. Anasema: mnyweshe maji mara kwa mara, mfunike kabla ya jioni, na homa ikipanda usingoje kuche, mpeleke hospitali. Anamwambia tena kwamba si uchawi. Baba na mama, wote wawili, walibeba chembe ya ugonjwa katika damu bila kujua, na kila mimba ina bahati moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ni ndoa ngapi zimevunjwa kwa kumshitaki mama peke yake!

Simpambi simu. Inaleta pia wauza dawa wanaoahidi kuponya kila kitu, na wanaosema utupe vidonge vya munganga. Hao tusiwasikilize, hata wakitaja jina la Yesu.

Na kuna jambo moja ambalo mama wa Kampala hawezi kabisa. Hawezi kupanda na bidoni kutoka ziwani juu ya mawe haya ya volkano, wakati mama wa hapa amekesha na mtoto. Akichelewa ibada Jumapili, mtu wa jirani apite kwake kwanza, aone kama maji yapo.