Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa pwani nzima, aghalabu kwa kicheko, na aghalabu mgeni mwenyewe akiwapo. Wenye kuitaja hawakawii kueleza kwamba si methali ya ubahili: mgeni apewaye jembe amekwisha kuacha ugeni, amekuwa wa nyumbani. Lakini methali imekomea kwenye jembe. Haisemi shamba ni la nani, wala mavuno yataingia ghala ya nani, wala kama huyo mgeni aliyelima mpaka jua likazama ana ruhusa ya kusema kwamba leo amechoka.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni shuleni, na hasa katika mwambao wa kusini, ambako mwalimu kwa kawaida ni mtu wa kuja. Na achukuliwe kwa mfano kijana aliyezaliwa Bukoba, akapangiwa kufundisha Mitwero, jirani na mji wa Lindi. Amevuka nchi nzima. Kimwera hakijui, na Kiswahili chake kina lafudhi inayowachekesha watoto. Siku za kwanza hupelekewa samaki na nazi, huitwa mwalimu kwa heshima, na wazee humwuliza habari za kwao. Halafu siku ya tatu hufika. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, mkoa hautaki tena kutajwa mkiani, na yeye anaambiwa kwamba madarasa ya jioni yataanza, na kambi ya watahiniwa vilevile, na Jumamosi pia. Hakuna anayemwambia atalipwa nini. Anaambiwa kwamba ualimu ni wito.

Neno hilo “wito” lina uzito wa haki katika pwani hii, na si vyema kulidharau. Kabla ya shule za serikali, waliofundisha Kilwa, Lindi na Mikindani walikuwa pia wageni kwa sehemu kubwa: masharifu na mashehe waliotoka Hadhramaut, Barawa na Ngazija, wakashuka jahazini na vitabu vyao. Nao walipewa jembe, kwa maana ya kupewa kazi. Lakini walipewa na vingine. Walipewa nyumba, wakaozwa, wakapata minazi yao. Mtoto wa chuoni alipeleka chochote siku ya Alhamisi, na alipohitimu mwalimu alipata haki yake inayojulikana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903, hakuona aibu kueleza malipo ya mwalimu wa chuoni pamoja na adabu za chuoni, kana kwamba ni mambo ya fungu moja.

Wanavyuoni nao walilijadili jambo hili kwa ukali kuliko linavyojadiliwa leo. Imam Abu Hanifa na wafuasi wake wa mwanzo walikataza ujira wa kufundisha Qurani, kwa kuwa ibada haiuzwi. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, yaliruhusu. Lakini funzo kubwa zaidi limo katika yaliyowafika Wahanafi wenyewe baadaye. Wanavyuoni wa Balkh waliona kwamba vipato vya Baitulmali vilivyokuwa vikiwakimu walimu vimekatika. Wakaona kwamba mwalimu asiye na riziki ataliacha darasa akahangaike kwingine, na Qurani itapotea vifuani mwa watu. Wakaigeuza fatwa, wakaruhusu ujira. Hawakusema kwamba elimu imekuwa bidhaa. Walitambua kwamba ile kauli ya kale ya kufundisha bila ujira ilikuwa imesimama juu ya mguu usioonekana, nao ni Baitulmali, na mguu ule ulikuwa umevunjika.

Wanaowahimiza walimu wajitolee wangefanya vyema kuutazama mguu huo. Tanzania iliwahi kuwa na zama za kujitolea zenye heshima. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kuwapeleka watoto wote shule ya msingi, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, na wengi wakazibeba zamu mbili kwa siku. Walichoka, lakini uchovu ule uligawanywa: kiongozi, mkulima na mwalimu waliitwa ndugu, na tofauti ya vipato vyao ilizuiwa kwa makusudi. Leo jirani wa mwalimu huyo hawi ndugu kwa namna ile. Korosho zake zimepimwa kwa kilo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, na bei ya mnada hutangazwa. Watu wa mkoa huu wanajua sana maana ya malipo pungufu. Aprili 2013 Liwale ilifika kwenye ghasia na nyumba kuchomwa kwa sababu mkulima alipewa chini ya alichotarajia. Ghasia si jambo la kusifiwa. Ila hakuna aliyethubutu kumwambia mkulima wa Liwale kwamba kilimo ni wito.

Sheria, kwa upande wake, haikukaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa inayozidi ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Lakini saa za mwalimu zina tabia ya maji: hupenya. Daftari sitini zinazosahihishwa usiku haziingii kitabu chochote. Walimu walipogoma mwishoni mwa Julai 2012, madai yao makubwa yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30, kabla Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, haijaamuru mgomo usitishwe. Posho ile ilipima ugumu wa mahali. Saa ya jioni yenyewe haikuwa na mpimaji.

Ukiongezwa ugeni wa pasipoti juu ya ugeni wa kabila, jambo huzidi kukaza. Tangu miaka ya 1990 shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza nchini zimeajiri walimu wengi kutoka Kenya na Uganda. Tangu sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kibali cha kazi huwa cha miaka miwili, na hata kikiongezwa jumla yake ina kikomo. Nacho huandikwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri huyo akimwomba mwalimu kwa upole abaki jioni na watoto wa bweni, upole ule una kibali ndani yake. Huko Korea ya Kusini, ambako mpango wa serikali wa EPIK umewaleta wageni kufundisha Kiingereza tangu mwaka 1995, mkataba umejaribu kulikata jambo kwa hesabu: saa 22 za kufundisha kwa wiki, na inayozidi hulipwa kwa kiwango chake. Ni afadhali kubwa. Hata hivyo viza ya mwalimu imefungamana na mwajiri, na asiyeweza kuondoka huona haya kuhesabu.

Hapo ndipo penye fundo la maadili, na fundo lenyewe si fedha tu. Hisani ni tendo la mtu huru. Anayetoa kwa sababu akikataa atapoteza kibali, au uhamisho, au neno jema la mkuu wake, hakutoa, ametozwa. Tena ametozwa mara mbili, maana kwanza amechukuliwa jioni yake, kisha amenyang'anywa na sifa ya ukarimu, kwa kuwa hakuna ajuaye kama angetoa kwa hiari. Kwa hiyo ujira hauui hisani, kama wadhaniavyo wengi. Ujira ndio unaoipa nafasi. Mwalimu aliyekwisha kulipwa saa zake, akikaa nusu saa zaidi na mtoto asiyejua kugawanya, nusu saa ile ni yake, na anaweza kuitoa.

Pingamizi lililo zito latoka kwa mzazi. Nani alipe? Mara nyingi ujira wa mwalimu umetafutwa mfukoni mwa mtoto. Kengele ya masomo ya ziada ikilia, mwenye sarafu hubaki darasani na asiyenayo hufunga mkoba wake, na mwenye ukaidi kidogo husimama dirishani akisikiliza mpaka afukuzwe. Huo ni udhalimu mwingine, na haki ya mwalimu haiwezi kujengwa juu yake. Waraka wa mwaka 2015 ulioondoa ada na michango ya lazima uliliona dirisha hilo. Lakini aliyefuta mchango bila kuiweka badala yake ile saa ya mwalimu amelihamisha deni tu, kutoka mgongo wa maskini mmoja kwenda kwa maskini mwingine. Aamuruye jioni ifanyiwe kazi ndiye mwenye kuilipa jioni, awe ni halmashauri, wizara au mwenye shule. Na kama hana cha kulipa, amri yake inakuwa ombi, na ombi lina majibu mawili.

Wazee wa pwani wana methali nyingine ya mgeni, nayo hutajwa mara chache zaidi siku hizi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu wa Bukoba amekuja, na baadhi ya watoto wa Mitwero watapona kwa ajili yake. Watasoma, watavuka, huenda mmoja akapangiwa kazi Bukoba. Huko naye atapelekewa ndizi na samaki siku mbili za kwanza. Ya tatu ikifika, ataulizwa kama ana nafasi jioni, na pengine aliyemwuliza atangoja jibu.